Mji wa Orvieto, Ulio Juu ya Mwamba Usio na Maji



Katika darasa la watoto wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza nalikuwa nikiwaeleza ule mfano wa watu wawili waliojenga nyumba, mmoja juu ya mwamba, na mwingine juu ya mchanga. Nilipokwisha, mtoto mmoja wa miaka minane au tisa akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, yule aliyejenga juu ya mwamba, maji alikuwa akiteka wapi?" Wenzake wakacheka. Nami nakiri ya kuwa nilicheka pamoja nao, nikamwambia akae kitako. Lakini usiku ule usingizi haukunijia upesi. Mimi nilizaliwa juu ya kilima chenye mawe, na maji yetu yalikuwa bondeni. Mama yangu alishuka alfajiri na mtungi, akarudi jua limekwisha panda. Mtoto yule hakuuliza upuzi. Aliuliza neno ambalo kila mama wa kilimani hulijua, na mimi niliyekunywa maji yale nalikuwa nimelisahau.

Basi mwezi huu nataka kuwachukua mpaka nchi ya Italia, kwenye mji mmoja uitwao Orvieto, ambao watu wake wamekaa na swali lile la mtoto kwa miaka zaidi ya elfu mbili na mia tano. Wazazi, wasomeeni watoto jioni baada ya chakula, kwa kuwa humu mna mapango, na njiwa, na baghala, na sura ya Shetani iliyochorwa ukutani.

Mtu akisafiri kwa gari la moshi kutoka Roma kwenda Firenze, hupita katika bonde la mto Paglia, na hapo huona mbele yake kitu cha ajabu. Katikati ya bonde umesimama mwamba mmoja mkubwa peke yake, kuta zake zimenyoka kama zilizokatwa kwa kisu, na juu yake ni tambarare kama meza. Juu ya meza hiyo umejengwa mji mzima, na nyumba za pembeni zimefika hata ukingo wenyewe, hata huwezi kutambua upesi ni wapi mwamba unapokwisha na ni wapi ukuta wa mtu unapoanza. Rangi yao ni moja, rangi ya asali iliyokaa siku nyingi, kwa maana nyumba zimejengwa kwa jiwe lile lile.

Jiwe hilo Waitalia huliita tufo. Zamani sana, kabla watu hawajakaa pale, milima ya moto iliyokuwa upande wa kusini na magharibi ilitapika majivu na mawe ya moto, yakafunika nchi, kisha yakapoa na kushikamana. Ziwa la Bolsena, lisilo mbali na Orvieto, limekaa katika shimo kubwa lililobaki baada ya milima hiyo kutulia. Mvua na mito ikala nchi pande zote muda wa maelfu ya miaka, na mwamba wa Orvieto ukabaki peke yake. Sasa shikeni neno hili moja, kwa sababu mambo yote yatakayofuata yanatoka humo: tufo ni jiwe laini, lapitisha maji, na chini ya tufo umo udongo wa mfinyanzi, ambao haupitishi maji. Mvua ikinyesha juu ya mji huzama katika jiwe, hushuka mpaka ikutane na udongo, kisha hutokea kama chemchemi chini kabisa, miguuni pa mwamba. Kwa hiyo aliye juu ana ngome, na aliye chini ana maji.

Wa kwanza kujenga mji mkubwa pale walikuwa Waetruski, watu waliotawala sehemu ile ya Italia kabla ya Warumi. Mji wao waliuita Velzna. Makaburi yao yangalipo chini ya mwamba upande wa kaskazini, mahali paitwapo Crocifisso del Tufo, na mengi ni ya karne ya sita kabla ya Kristo. Yamepangwa kama mitaa ya mji, njia zimenyoka, na kila kaburi ni kijumba cha mawe chenye mlango, na juu ya mlango jina la mwenye nyumba limechongwa. Mtu apitaye leo huweza kusoma majina ya watu waliokufa miaka 2,500 iliyopita, kana kwamba anabisha hodi kwao.

Waetruski hao walitafuta maji kwa namna yao. Walichimba mashimo membamba kwenda chini ndani ya tufo, upana wake wa kumtosha mtu mmoja tu, na katika kuta mbili zinazokabiliana wakachonga vishimo vya kutilia miguu, ili mchimbaji ashuke na kupanda kama mtu apandaye katika ufa wa jabali. Mimi nimetazama picha ya shimo moja la namna hiyo, magoti yangu yakaregea nami nimekaa kitini.

Basi Warumi wakaja. Habari yenyewe ilianza kwa ugomvi wa nyumbani. Watumwa waliopewa uhuru walikuwa wameshika mamlaka ya mji, na wakubwa wa zamani wakapeleka watu Roma kwa siri kuomba msaada. Ole wake amwitaye jirani mwenye nguvu aje kumwamulia ugomvi wa ndugu! Majeshi ya Roma yakauzingira mwamba. Hayakuweza kuupanda; wakaa chini, wakangoja. Mwaka wa 264 kabla ya Kristo watu waliokuwa juu wakashindwa na njaa, wakajitoa. Warumi wakawaua waliojitwalia utawala, wakaubomoa mji, na wenyeji waliosalia wakahamishwa kwenda kukaa karibu na Ziwa la Bolsena. Mwandishi mmoja wa zamani aliwasuta Warumi ya kuwa waliupigania mji ule kwa tamaa ya sanamu zake 2,000. Kama ni kweli au ni masuto tu, sanamu zilikwenda Roma, na mwamba ukabaki kimya.

Lakini mahali penye ngome hapakosi wenyewe. Utawala wa Roma ulipoanguka na vita vikaenea, watu walipanda tena juu ya mwamba wakijificha. Kwa Kilatini pakaitwa Urbs Vetus, maana yake mji wa kale, na jina hilo kwa kutamkwa na vinywa vingi likawa Orvieto. Mwaka wa 538 jemadari Belisarius, aliyetumwa na Kaisari wa Konstantinopoli, aliwakuta Wagothi wamejifungia juu yake. Naye pia aliutazama mwamba, akaona haupandiki, akakaa chini akangoja. Wagothi wakafika hata kula ngozi walizolowesha majini, mwisho wakajitoa. Hivyo mara mbili mwamba ule haukushindwa na upanga wa mtu yeyote, bali watu wake walishindwa na matumbo yao.

Nadhani ni kwa ajili hiyo watu wa Orvieto walizidi kuchimba. Nyumba haikuwa na nafasi ya kupanuka kando, kwa kuwa kando ni genge. Basi ikapanuka chini. Chini ya mji ule yamehesabiwa mapango zaidi ya 1,200 yaliyochongwa kwa mikono ya watu: vyumba vya kutilia divai, mashine za kukamulia mafuta ya zeituni, mabirika ya maji ya mvua, na machimbo ya mchanga wa kujengea. Lipendezalo kuliko yote ni mapango ya njiwa. Wametoboa kuta vishimo vidogo vya mraba, safu juu ya safu, mamia kwa mamia, kama masanduku ya barua, na kila kishimo ni kiota. Dirisha la pango limekabili bonde. Asubuhi njiwa huruka kwenda kujitafutia chakula mashambani na maji mtoni, jioni hurudi kulala. Na mwenye nyumba hukaa juu, hana kazi ya kuwalisha wala kuwanywesha, naye hupata nyama. Katika mambo yote niliyosoma juu ya mji huo, hili ndilo lililomfurahisha mke wangu, akasema kwamba hao walikuwa na akili.

Sasa niseme habari za kanisa, maana najua wasomaji wengi walikuwa wakiingoja.

Mapapa wa karne ya 13 walikuwa wakikimbilia Orvieto mara nyingi Roma ilipokuwa na fujo. Papa Urban IV alikaa pale, na Mtakatifu Thomas Aquinas alifundisha katika nyumba ya Wadominiko ya mji huo tangu mwaka wa 1261 hata 1265. Wenyeji husimulia ya kuwa mwaka wa 1263 padre mmoja kutoka Bohemia, aliyekuwa akisumbuliwa na mashaka juu ya Ekaristi, alikuwa akisoma Misa huko Bolsena, na hostia ikatoka damu, ikadondokea kitambaa cha altare. Kitambaa hicho kikapelekwa Orvieto kwa Papa, na kipo hata leo katika Kanisa Kuu. Kasha lake la fedha lililotiwa rangi za kung'aa lilifanywa na mfua fedha Ugolino di Vieri wa Siena katika miaka ya 1337 na 1338, nalo ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa za namna hiyo.

Tarehe 11 Agosti 1264, akiwa Orvieto, Papa Urban aliandika barua ya kuamuru Sikukuu ya Mwili wa Kristo ishikwe katika Kanisa lote, na Thomas Aquinas akapewa kazi ya kutunga sala na nyimbo zake. Watu husema sikukuu ilitokana na mambo ya Bolsena. Mimi ni mwalimu wa dini, nanyi mngeniona mwongo kama ningewaficha haya: barua yenyewe ya Papa haitaji habari za Bolsena hata kidogo, na sikukuu ilikwisha kuanza tangu mwaka wa 1246 katika jimbo la Liège, nchi iitwayo sasa Ubelgiji, kwa juhudi za mtawa mmoja mwanamke, Juliana. Urban mwenyewe, kabla hajawa Papa, aliwahi kuwa shemasi mkuu huko Liège. Basi sikukuu ilianzia kwa mwanamke wa Liège, ikapewa muhuri Orvieto. Kila mwaka sikukuu ifikapo watu wa Orvieto hukitoa kitambaa kile, wakakizungusha njiani kwa maandamano.

Jiwe la msingi la Kanisa Kuu aliliweka Papa Nicholas IV mwezi wa Novemba mwaka wa 1290. Kuta zake zina mistari ya mawe meusi na meupe, safu kwa safu, hata ukilitazama kwa mbali wadhani limevaa kitambaa cha milia. Mwaka wa 1310 kazi ilikuwa imeingia mashakani, ikahofiwa kwamba kuta hazina nguvu, akaitwa fundi Lorenzo Maitani kutoka Siena, akaitengeneza, akaisimamia mpaka alipokufa mwaka wa 1330. Yeye ndiye aliyeupa uso wa kanisa sura yake. Chini, katika nguzo nne pana za mawe, zimechongwa habari tangu kuumbwa kwa dunia mpaka hukumu ya mwisho, ili hata asiyejua kusoma asimame kiwanjani aijue. Juu ni picha za vipande vidogo vya kioo cha rangi vinavyong'aa jua likituapo. Kazi iliendelea muda wa miaka mia tatu na zaidi. Na milango ya shaba iliyopo sasa ni ya juzi tu, iliyofanywa na Emilio Greco, ikawekwa mwaka wa 1970.

Karibu na kanisa pana mnara wenye mtu wa shaba, jina lake Maurizio, anayepiga kengele kwa nyundo. Aliwekwa katika karne ya 14, siku za ujenzi, ili mafundi wajue saa ya kuanza kazi na saa ya kuacha. Sisi tunaopiga kengele ya shule tungependa kupata mmoja, kwa kuwa yeye hachelewi wala haugui homa.

Ndani ya kanisa, upande wa kulia, kuna kikanisa kidogo ambacho kuta zake zimejaa picha za mwisho wa dunia. Mtawa Fra Angelico alianza kuzichora darini mwaka wa 1447, akaenda zake asirudi. Miaka zaidi ya hamsini wenyeji walitafuta wa kumaliza, mpaka mwaka wa 1499 walipopatana na Luca Signorelli. Akamaliza mwaka wa 1504. Picha moja sitaisahau. Mtu amesimama juu ya jukwaa akihubiri. Uso wake ni kama wa Bwana wetu, nywele zake vivyo hivyo, nguo vivyo hivyo. Umati unamsikiliza kwa makini, na miguuni pake wamewekwa mali na vyombo vya dhahabu. Ndipo utazamapo kwa makini waona nyuma yake yuko Shetani, amemkaribia kabisa sikioni akimnong'oneza maneno, na mkono wa Shetani umepitishwa katika nguo ya mhubiri, hata hujui mkono ule uonekanao ni wa nani. Huyo ndiye Mpinga Kristo. Signorelli alijichora mwenyewe pembeni, amevaa nguo nyeusi, amesimama pamoja na Fra Angelico, kama watu wawili waliokuja kuona shauri. Nimehubiri mara nyingi katika maisha yangu, na tangu siku niliyoiona picha hiyo kitabuni hutazama kwanza nyuma yangu.

Turudi kwenye maji.

Tarehe 6 Mei 1527 askari wa Kaisari Charles V, waliokuwa hawakulipwa mshahara wao, waliingia Roma wakauteka mji, wakaua, wakapora makanisa na nyumba. Papa Clement VII akakimbilia ngome ya Castel Sant'Angelo, akafungiwa humo miezi saba. Usiku mmoja wa mwezi wa Desemba akatoroka, amebadili mavazi yake, akafika Orvieto. Alikuwa na mwamba chini ya miguu yake, lakini hakuwa na kitu kingine. Wajumbe wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza walimfuata huko mwaka wa 1528 kutaka ndoa ya mfalme wao ivunjwe. Wakaandika kwao kwamba walipita katika vyumba vyenye kuta tupu na dari zilizoanguka, na ya kuwa vitu vyote vya chumba cha kulala cha Papa, pamoja na kitanda, havikuwa na thamani ya maana. Hawakupata walilolitaka. Matokeo ya shauri lile mnayajua.

Clement, aliyekwisha kuonja kuzingirwa, aliuliza swali la yule mtoto wa darasani kwangu: adui akija akazunguka chini, maji tutateka wapi? Mabirika ya mvua hayakutosha kwa siku nyingi. Akamwagiza fundi wake Antonio da Sangallo achimbe kisima kutoka juu ya mwamba mpaka kwenye maji yenyewe.

Jaribuni kuona ugumu wa kazi hiyo. Kwanza, kina chake ni zaidi ya mita 50. Mkiunganisha minazi miwili mirefu mmoja juu ya mwingine, bado hamjafika. Pili, kwa kina hicho kamba na ndoo hutoa maji kidogo mno kwa mji mzima. Lazima baghala wenyewe washuke mpaka majini, wapakizwe viriba na mapipa, wapande tena. Lakini baghala wa kushuka akikutana na wa kupanda katika ngazi nyembamba gizani, kuna nini? Baghala hajui kurudi nyuma kwa adabu.

Sangallo alifanya hivi. Alichimba shimo la mviringo lenye upana wa mita 13. Katikati akaacha uwazi kama bomba kubwa, wa kuingiza mwanga. Na kuuzunguka uwazi huo akatia ngazi mbili zinazojizungusha kama kamba mbili zilizosokotwa pamoja. Ngazi ya kushukia ina mlango wake, na ya kupandia ina mlango wake, upande wa pili. Zafuatana toka juu hata chini zisigusane mahali popote. Kila ngazi ina vidato 248, navyo ni vipana tena vifupi kwa kwenda juu, vya kufaa mguu wa mnyama. Katika ukuta wa ndani akafungua madirisha yapata 70, ili mwanga wa jua uingie kutoka uwazi wa katikati. Chini kabisa akajenga daraja dogo juu ya maji. Baghala alishuka kwa mlango mmoja, akavuka daraja, akapakiwa, akapanda akatokea kwa mlango wa pili, wala hakupata kuonana uso kwa uso na mwenzake ashukaye. Aweza kumwona tu dirishani, ng'ambo ya uwazi, akizunguka kwenda upande mwingine.

Sehemu ya juu waliikata katika tufo, na hapo jiwe lenyewe ni ukuta. Walipofika kwenye udongo wa mfinyanzi chini ilibidi kujenga kwa matofali, kwa maana udongo hausimami peke yake. Papa Clement hakukiona kikiisha; alikufa mwaka wa 1534, na kazi ikamalizika mwaka wa 1537 siku za Papa Paul III. Juu ya mlango wakaandika kwa Kilatini maneno ambayo maana yake ni kwamba kile ambacho maumbile yaliinyima ngome hii, bidii ya watu imekiongeza. Baadaye kikaitwa Kisima cha Mtakatifu Patrick, kwa kufananishwa na pango moja la Ireland ambalo watu wa zamani walidhani ni njia ya toharani. Na Waitalia hata leo, wakitaka kusema juu ya mfuko usiokauka au shimo lisiloshiba, husema ni kisima cha Mtakatifu Patrick.

Baada ya hapo yapo mambo mengi, nami nitayapita upesi. Mwaka wa 1888 mhandisi Adolfo Cozza, mtu wa huko huko, alitengeneza reli ya kupandia mwamba kutoka stesheni ya gari la moshi. Yalikuwapo magari mawili yaliyofungwa kwa kamba moja ya chuma. La juu lilijazwa maji tangini, uzito ukalishusha, nalo likilivuta la chini lipande. Wazee waliokwisha kufa wangalicheka: mji uliokufa kwa kiu sasa wachukua watu kwa nguvu ya maji! Reli hiyo ilifungwa mwaka wa 1970, ikafunguliwa tena mwaka wa 1990 kwa nguvu za umeme. Na katika vita vya 1944, majeshi ya Kijerumani yalipokuwa yakirudi nyuma na Waingereza wakikaribia, makamanda wa pande mbili walipatana mwezi wa Juni kwamba wasipigane ndani ya Orvieto. Vita vikahamia upande wa kaskazini, na Kanisa Kuu likapona. Daraja la reli lililo karibu na Allerona, mwendo mfupi kutoka hapo, halikuwa na bahati hiyo: tarehe 28 Januari mwaka huo ndege za Marekani zilitupa mabomu wakati gari la moshi lililojaa wafungwa wa vita, askari wa upande wao wenyewe, lilipokuwa juu yake, wakafa mamia.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Watu wetu husema mchimba kisima huingia mwenyewe, na Orvieto ilikuwa karibu kuyaona hayo. Mji ulipopata maji ya bomba kutoka mbali, kila nyumba ikafungua mfereji wake. Haikuwako tena haja ya baghala wala mtungi. Lakini maji yaliyoingia kwa wingi yalitafuta pa kutokea. Mabomba yaliyochakaa na mitaro ya maji machafu ilivuja chini kwa chini, maji yakazama katika tufo, yakapita katika mapango yale mia kumi na mbili na zaidi, yakafika kwenye udongo wa mfinyanzi, yakaulainisha. Udongo ukilainika huteleza. Na ukiteleza, mwamba ulioukalia hupasuka ukingoni ukaanguka vipande vipande. Karne ya 20 ilianza kwa maporomoko, na katika miaka ya 1970 yakazidi, hata watu wakaanza kuhofia nyumba za ukingoni na makanisa.

Mwaka wa 1978 Serikali ya Italia ikatunga sheria ya peke yake kwa ajili ya kuokoa mwamba wa Orvieto na kilima cha Todi, mji mwingine wa jimbo hilo hilo la Umbria. Kazi ikaendelea miaka mingi. Wafanyakazi walishuka kwa kamba kutoka ukingoni, wakatoboa mwamba, wakatia vyuma virefu vya kushikilia vipande vilivyopasuka, wakajaza nyufa saruji. Mabomba ya maji na mitaro ya mji mzima ikafanywa upya. Mapango yakatafutwa moja moja, yakapimwa, yakaandikwa kwenye ramani, mengine yakategemezwa. Na kwa njia hiyo ndipo wenyeji walipoyajua yote waliyoachiwa na babu zao chini ya vitanda vyao. Vyombo vya kupimia vikatiwa ndani ya nyufa, na wahandisi huvisoma ili wajue kama mwamba umesogea hata kwa unene wa ukucha.

Wageni sasa hulipa kiingilio wakashuka vidato 248 vya Sangallo, wakavuka daraja, wakapanda 248 vingine wakihema. Picha ya kisima hicho nimekwisha kuichora kwa chaki ubaoni, ngazi zote mbili, na baghala mmoja katika kila ngazi. Yule mtoto aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza baghala walikuwa na majina gani, nami safari hii sikucheka.